Jinsi ya Kucheza Mganga Asiyepatia Hata Mara Moja

Ukitaka kucheza mganga wa uongo jukwaani hapa Nairobi, darasa la kwanza ni nguzo ya stima. Shuka Jogoo Road kwa miguu, pole pole, macho juu, usome karatasi zilizobandikwa. Mganga ametoka mbali. Anarudisha mpenzi aliyetoroka, anashinda kesi, anavuta wateja dukani, anakamata mwizi, anapandisha cheo, anaongeza nguvu za kiume, na kazi zote hizo anazifanya mtu mmoja mwenye laini moja ya simu. Nakili maneno jinsi yalivyo. Usiyaongezee utani bado. Ahadi sita kwa pumzi moja zina mdundo wake, na mdundo huo utakubeba jukwaani siku ambayo akili imeganda.

Mhusika wangu anaitwa Daktari Naona. Kabla hajazaliwa nilikuwa kwenye vikundi vya kuigiza vitabu teule vya mtihani wa sekondari, KCSE: alfajiri mko ndani ya matatu na magunia ya maleba, saa nne mnaigiza bila maiki kwenye bwalo lililojaa wanafunzi na harufu ya maharagwe, usiku mko njiani kurudi mjini. Mtu aliyewahi kumnyamazisha mvulana wa Kidato cha Pili kwa jicho tu haogopi mlevi wa safu ya mbele. Siku hizi vijana wa stendapu huniuliza, "Anti, mtu huanzaje kumtengeneza mganga kama wako?" Nawajibu hivi.

Jifunze kupatia, ndipo ukosee

Mganga wa vichekesho anayebahatisha ovyo huchosha upesi. Watu wanacheka kosa la kwanza, wanacheka la pili, la tatu wanatoa simu. Kosa linaloangusha ukumbi ni lile lililokaribia kabisa kupatia, na huwezi kukaribia kama hujui matapeli wenyewe wanavyopatia.

Wana njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kumwambia mtu jambo linalomfaa kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake peke yake. Wanafunzi waliyapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Kumbe karatasi zote ziliandikwa maneno yale yale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu kilichonunuliwa kwenye kibanda cha magazeti: unapenda watu wakupende, unajikosoa kupita kiasi, una vipawa ambavyo hujavitumia.

Sentensi za Forer hazitafika mbali hapa, ni za watu wenye nafasi ya kujifikiria. Tunga za kwetu. Umewahi kutuma pesa kwa namba isiyo yenyewe. Kuna mtu alikukopa, na sasa anatazama stetasi zako zote bila kujibu ujumbe. Ukoo wenu una shamba lenye maneno. Kabatini kuna vikombe ambavyo wewe mwenyewe huruhusiwi kunywea. Chini ya sinki umeficha juala za plastiki tangu zipigwe marufuku Agosti 2017. Sema hizo kwa sauti ya chini, mtu mmoja mmoja, uone watu wanavyogeukiana.

Sasa haribu. Nachagua mama mmoja safu ya tatu, nafunga macho. "Mama, naona friji. Ndani ya friji naona mkebe wa aiskrimu." Anatikisa kichwa, ndiyo. Ukumbi unaguna, maana kila mtu ana huo mkebe. "Nafungua kifuniko. Ndani yake naona… naona…" Hapo nanyamaza hadi watu waanze kujikunja vitini. "Naona aiskrimu."

Ukumbi mzima unalipuka: "Maharagwe!" Wengine, "Githeri!" Mzee mmoja wa nyuma hutokea kila mara akasema "Omena!" Nami nafungua macho nimekasirika, nawauliza nani mganga hapa.

Ukitazama kilichotokea hapo umeielewa kazi yote. Watu mia wanajua jibu, na mganga peke yake ndiye hajui. Kila kipande utakachotunga kipange hivyo: hadhira ione, wewe usione. Ukijikuta umetunga kipande ambacho wewe ndiye mjanja na mtu wa hadhira ndiye mjinga, kitupe, hata kama kilichekesha kwenye mazoezi.

Herufi ni somo la pili. Tapeli mzuri husema, "Naona jina linaloanza na M," na hapa kwetu M haikosi mtu: Mwangi, Mutua, Muthoni, Moraa, Makokha, Mohamed, Mwanaisha. K inaifuata kwa karibu: Kamau, Kilonzo, Kiprono, Kemunto, Khadija. W nayo si haba, una Wanjiku, una Wafula, una Were. Daktari Naona huanza na M vizuri kabisa, mikono inapaa kila upande, kisha anaikataa yote. "Shusheni. Hii M imejificha nyuma ya herufi nyingine. Naona… Q." Kimya. "Kuna Q humu ndani, na hataki kujitokeza kwa sababu ana deni." Q huyo ninamweka kwa shoo nzima. Kila nikikwama, namlaumu Q. Maiki ikikatika ni Q. Mtu akienda msalani, namsindikiza kwa macho nikisema, "Sasa tumemjua."

Lakini herufi zina mtego. Ukibahatisha majina ya watu, mapema au baadaye mtu atakuambia, "M ni mamangu," na sentensi inayofuata itakuwa, "Tulimzika Agosti." Hakuna mchekeshaji anayetoka hapo akiwa mzima. Kwa hiyo majina yawe mzaha wa ukumbi mzima, usimng'ang'anie mtu mmoja nayo. Ukimshika mtu mmoja, bahatisha vitu: sufuria, rimoti, mwavuli, kiatu cha mguu mmoja.

Na wafu? Mganga bila wafu hajakamilika, hilo nakubali. Mimi huita roho za simu.

Naomba taa zipunguzwe. Natoa mulika mwizi yangu, ile simu ndogo yenye tochi, naiwasha, naiweka juu ya stuli katikati ya jukwaa. Nawauliza nani alipoteza simu katika jiji hili bila kumuaga. Hakuna swali rahisi kuliko hilo Nairobi. Mmoja anasema yake ilinyakuliwa dirishani pale Globe, mwingine anasema ilizama chooni ushago Krismasi, mwingine aliiacha juu ya gari akaondoka. Nawaomba wamtaje marehemu kwa jina na modeli. Wanasema kwa huzuni ya kweli kabisa, na wanacheka huku wanasema. Kisha nasikiliza mulika mwizi sikioni. "Anasema amekusamehe. Anasema huko aliko kuna chaji. Anauliza… mbona ulinunua ile ya pinki?" Aliyezamisha simu chooni namwambia mpendwa wake hajafika mbinguni, bado anapanda. Roho nyingine haziwezi kuongea, zinatuma tu ujumbe wa kuomba zipigiwe, maana huko nako zimeshakopa salio la Okoa Jahazi. Kipande hiki hunipa dakika kumi na mbili, na sijawahi kuona mtu akitoka ameumia.

Mpe sauti ya nyuma

Njia ya pili ya matapeli ni kuchunguza kabla. Mwaka 1986 James Randi, mfanya mazingaombwe, alimnasa mhubiri wa televisheni wa Marekani, Peter Popoff, aliyekuwa akitaja majina na magonjwa ya waumini asiowajua. Randi na wenzake walikwenda na kipokea redio, wakaipata sauti ya mke wa Popoff kwenye masafa ya megahezi 39.17, akimsomea mumewe sikioni habari zilizokusanywa kwa waumini kabla ya ibada. Rekodi hiyo ilichezwa kwenye kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Johnny Carson na Marekani nzima ikaisikia.

Mimi nimeichukua mbinu hiyo nikaitoboa. Daktari Naona ana msaidizi anayeitwa Karani. Kabla ya shoo Karani anakaa mlangoni na daftari kubwa la kaunta, anawauliza watu wametoka wapi, wamekuja na gari gani, wamekula nini. Kila mtu anaona anaandika. Jukwaani navaa kifaa cha sikio chenye waya mwekundu unaoning'inia hadi kiunoni, na Karani ananinong'oneza kutoka nyuma ya pazia. Ila maiki yake fundi wa sauti ameiunganisha na spika za ukumbi.

"Shati la kijani," watu wanamsikia. Nafumba macho: "Naona… rangi ya kijani." "Ametoka Kayole." "Naona… kaoge… unaoga? Bwana, wewe unaoga?" "Kayole! Gari liliharibika Donholm." "Naona umeharibika Donholm." "Si huyo, Daktari, hiyo ni nguzo. Geuka."

Watu watakusaidia kumcheza huyu. Wataanza kumjibu Karani, watampigia makofi, watanificha mimi siri. Mwenye shati la kijani sasa ni mshirika, na hakuna kitu nilichomfunua zaidi ya kwamba alitoka Kayole na gari likamharibikia. Mchague Karani mwenye kinyongo na mshahara wake. Mcheshi wa pili jukwaani hahitajiki. Anayehitajika ni mtu aliyechoka.

Bahasha ndizo za kufungia. Johnny Carson huyo huyo alikuwa na mhusika wa mpiga ramli aliyeitwa Carnac, tangu 1964: kilemba kikubwa, bahasha iliyofungwa anaiweka kwenye kipaji cha uso, anatoa jibu, ndipo anaifungua na kusoma swali. Mzaha uko kwenye swali. Mtindo huo haujazeeka na unakubali maneno ya mtaa wowote. Zangu ni za namna hii.

Jibu: "Nimefika Westi, nakuona." Swali: mtu aliye bado bafuni Rongai husema nini kwa simu?

Jibu: maji, stima, na mwenye nyumba. Swali: taja vitu vitatu, viwili hupotea bila taarifa na kimoja hakijawahi kukosa tarehe tano.

Jibu: "Tuko watano." Swali: kamati ya harusi ya watu thelathini husemaje siku ya kuchanga?

Andika nyingi, tupa nyingi. Jibu liwe fupi, la kawaida, lisilonuka utani, na swali liishie kwenye neno lenye mzaha. Ukiweka neno jingine baada ya hapo, umejizimia mwenyewe. Zibadilishe kila mara kulingana na habari za wiki, ila yanayohusu msiba uliotokea mjini yaache yapite.

Mavazi, na uhakika

Watu hutarajia ngozi, kibuyu na usinga. Ni rahisi kuvipata Maasai Market, na ndiyo sababu sivitaki. Mzee wa kijijini mwenye kibuyu hajamtapeli mtu Nairobi. Tapeli wa mjini ana ofisi. Daktari Naona amevaa koti la suti la mitumba la Gikomba lenye mabega mapana kuliko mlango, tai fupi, stethoskopu, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni chenye picha ya mtu mwingine. Leso moja nyekundu kutoka Biashara Street imefungwa juu ya suruali ili watu wajue idara. Basi. Kanzu, tasbihi, rosari, maandiko ya dini yoyote, hivyo sivigusi. Waumini wameketi pale wamelipa tiketi, na mzaha wenyewe hauvihitaji.

Pia hakuwahi kutoka Kitui, wala Pemba, wala Sumbawanga. Ukisema mganga wako katoka mahali kama hapo panaposifika kwa uganga utapata kicheko cha bure, na ukumbini kuna mtu wa hapo ambaye amekisikia tangu darasa la kwanza. Daktari Naona ametoka Zimmerman, mtaa wa hapa hapa Nairobi. Mganga kutoka Zimmerman, ghorofa ya nne, ngazi ya kulia. Watu hucheka zaidi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuogopa kitu kutoka Zimmerman isipokuwa bili ya maji.

Kuhusu tabia yake, shika neno moja: hajui kwamba anachekwa. Redykyulass, wale wachekeshaji wa televisheni, walipokuwa wanamwiga Rais Moi, nguvu haikuwa sauti peke yake, ilikuwa ule uzito wa mtu anayeamini kila neno lake. Mganga wako naye asikonyeze hadhira. Akikosea, asiombe radhi wala asicheke. Asahihishe ukweli. "Mama, una watoto watatu." "Hapana, wawili." "Hesabu tena ukifika nyumbani."

Uingereza kuna Clinton Baptiste, mpiga ramli wa kejeli anayechezwa na Alex Lowe, aliyeonekana kwanza kwenye televisheni mwaka 2001 kisha akawa na shoo yake ya kuzunguka kumbi. Ukali wake ni kumtamkia mtu wa hadhira jambo baya kabisa bila haya. Namheshimu, lakini ukali huo siuleti hapa ulivyo. Nairobi ukimwambia mtu hadharani kwamba mumewe ana mambo, kabla ya Jumatatu limefika kazini, kanisani na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na yeye ndiye atakayelijibu, si wewe. Mizimu yangu hutoboa siri ndogo tu: "Mizimu inasema ulikula nyama ya jana na ukasingizia paka."

Ukumbi na saa

Tafuta chumba kidogo kilichojaa badala ya kikubwa chenye mapengo. Mganga anahitaji kuona nyuso, kwa hiyo mwambie fundi taa za upande wa hadhira zisizimwe kabisa, zipunguzwe tu. Njia ya katikati iwe pana ya kutosha kupita na maiki bila kukanyaga mkoba wa mtu. Uwe na maiki ya pili ya kumpa mtu wa hadhira, la sivyo nusu ya shoo itakuwa wewe unarudia, "Amesema Kayole." Betri mpya kila shoo. Ulizia jenereta kabla ya kulipa amana, na uandae sentensi ya stima ikipotea. Yangu ni, "Naona giza," na huwa natulia hapo hadi mtu wa tatu acheke ndipo niongeze, "La kwanza kupatia leo."

Nyumba kubwa ya mji huu ni Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, uliofunguliwa 1952, pale karibu na Chuo Kikuu. Usianzie hapo. Alliance Française pia ina jukwaa zuri, na kumbi za kijamii za kaunti huku Eastlands, Kaloleni kwa mfano, zina watu wanaojibu jukwaa bila kuombwa, jambo ambalo mganga analihitaji kuliko vipaza sauti vya bei ghali.

Anza saa kumi na moja jioni Jumapili, maliza kabla ya saa moja na nusu. Watu wa Rongai na Kitengela wakianza kutazama saa, shoo imekwisha hata kama wewe bado unaongea, na mvua ikinyesha nauli inapanda kabla hujafika kwenye bahasha. Usiweke tarehe ya katikati ya mwezi, watu wamesota. Desemba baada ya shule kufungwa nusu ya wateja wako wako ushago. Wikendi ninayoipenda ni ya mwisho ya Januari: Njaanuari imeisha, mshahara umeingia, na utabiri wa mwaka mpya uliotolewa na wale wa kweli umeanza kuoza hadharani. Hapo naweka kipande cha utabiri wa taifa, ambamo Daktari anatabiri mambo ya jana tu na bado anakosea.

Walio mbele yako

Safu tatu za nyuma sizigusi. Karani anawaambia watu mlangoni: ukitaka kutazama kwa amani, kaa huko. Hilo peke yake limenipunguzia maudhi mengi, kwa sababu anayekaa mbele amekubali. Bado nikimkaribia mtu akashusha macho, napita. Naisingizia mizimu: "Huyu laini yake iko bize."

Utampata anayesimama na kusema, "Shindwe!" Wakati mwingine ni utani, wakati mwingine ni imani kamili. Usipigane naye wala usimwige. Mimi huinamisha kichwa nikasema, "Mama, nimeshindwa tangu saa kumi na moja, hesabu ipo kwa Karani." Karani anafungua daftari: "Ishirini na tatu kwa sifuri, Daktari." Mara nyingi mama mwenyewe ndiye anayecheka mwisho, na aliyesimama sasa ameketi bila kuaibika.

Mlevi mpe kazi. Mfanye mlinzi wa mulika mwizi, umwambie asiongee la sivyo roho zitakimbia.

Makabila acha. Najua jukwaa letu limelelewa nayo, emsii wengi wa Nairobi hawawezi kusalimia bila kuuliza Waluo wako wapi, Wakikuyu wako wapi. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda ubunifu wa kisanaa na hapo hapo kinatoa nje matamshi ya chuki, lakini sababu yangu si ya mahakama. Mganga anayebahatisha kwa lafudhi ya mtu anapatia mara nyingi mno, na kazi yako ni kukosea.

Baada ya shoo kuna jambo ambalo hawa vijana huwa hawaniulizi, nami huwaambia kwa lazima. Atakuja mtu. Ametazama saa mbili za upuuzi mtupu, amecheka, amesikia Karani akininong'oneza kwenye spika, na bado atakuja. Kuna mzee alinisubiri kando ya mlango na kofia mkononi. "Daktari, mengine nimecheka. Lakini pikipiki yangu iliibwa Dandora. Unaiona iko upande gani?"

Vua kila kitu hapo hapo. Nilivua tai, stethoskopu na ile sauti, nikamwambia jina langu. "Mzee wangu, mimi ni mwigizaji. Sioni kitu chochote. Umeandikisha kituoni? Una namba ya OB?" Alikuwa hajaenda, aliambiwa ni kujisumbua. Tukakaa kwenye ngazi, tukaandika kwenye karatasi namba ya pikipiki, siku, saa na mahali, ili akifika kituoni asisahau, na nikamwambia apeleke nakala kwa chama chao cha bodaboda. Hakufurahi. Alikuwa anataka upande. Ungemtajia upande wowote, hata kwa utani, angekwenda kuutafuta usiku huo.

Usipokee pesa ya mtu yeyote ukiwa umevaa mavazi ya mhusika. Hata mia. Hata akisema ni zawadi. Mwelekeze kwenye meza ya tiketi au mwambie anunulie Karani chai.

Bango, sheria na hesabu

Bango lako litafanana na yale ya nguzo za stima, ndio uzuri wake: maandishi mekundu na meusi, ahadi nyingi, picha mbaya. Lakini neno VICHEKESHO liwe kubwa kuliko jina la mganga, na pawe na tarehe, ukumbi na bei. Usiweke namba ya simu yako, weka namba ya till ya kulipia tiketi. La sivyo utapigiwa saa tisa usiku na mtu ambaye mkewe ameondoka, na hutakuwa na neno la kumwambia. Kenya bado ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya tangu 1925, inayomwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za kiajabu kwa namna ya kutia watu hofu au kuwadhuru; bango lisiloeleweka halikusaidii. Na usibandike kwenye nguzo yenyewe. Matangazo ya nje yanataka kibali cha kaunti, bandika ndani ya ukumbi, saluni na kinyozi kwa idhini ya wenyewe. Mtandaoni weka ahadi moja moja kila siku: "Anarudisha mpenzi (wa mwingine)." "Anashinda kesi (ya jirani)." Hizo zinasambazwa na watu bila kulipwa.

Ukirekodi, weka tangazo mlangoni, na sura ya mtu usiipandishe mtandaoni bila ruhusa yake. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hilo si adabu tu. Nyimbo za watu zina leseni yake, kwa hiyo mimi hutumia ngoma moja na kijana anayeipiga vibaya kwa makusudi. Tiketi yangu ni 700 mapema na 1,000 mlangoni. Mlipe fundi wa sauti kabla ya mtu mwingine yeyote, pamoja nawe, kwa sababu mzaha wa Karani uko kwenye kidole chake: akichelewa kufungua maiki ile, unabaki wewe unaongea na nguzo.

Kesho yake sikiliza rekodi ya sauti na daftari la Karani mkononi. Weka alama mahali ambapo ukumbi ulipiga kelele ya jibu kabla yako, hapo usiguse. Weka alama nyingine kila ulipopatia kwa bahati. Hutokea: unamwambia mtu ana kiatu kimoja chini ya kitanda na kweli anacho, macho yanamtoka, na watu wa pande zile wanaanza kukutazama kwa jicho jingine. Hapo lazima ukosee mara mbili mfululizo, upesi, kabla hawajaanza kuamini. Andaa makosa mawili ya akiba kwa kazi hiyo. Yangu moja ni kumwambia mtu huyo huyo, "Na jina lako ni Q."